Kuficha data bila kuhakiki unaongea na nani ni kazi bure: uzi kwa wasanidi wa programu wa Mwanza na Kanda ya Ziwa

#1 Mleta uzi, Kirumba

Mwangaluka wakuu.

Mwanza ya sasa mifumo ipo kila kona. Pale Mwaloni mauzo ya dagaa yanaandikwa kwenye simu, SACCOS zina programu za mikopo, shule zinapokea ada kwa mtandao, tiketi za boti na mabasi zinakatwa kwa simu. Kazi hiyo kwa sehemu kubwa tunaifanya wenyewe, vijana wa hapa hapa, wengi kwa PHP, wengine kwa Python, Node au Kotlin. Jambo hilo linanipa fahari, na ndiyo sababu nashusha uzi huu. Kuna mstari mmoja ambao nikiombwa kukagua kodi (code) ya mtu nakutana nao mno:

curl_setopt($ch, CURLOPT_SSL_VERIFYPEER, false);

Kwa Python ni verify=False. Kwenye terminal ni curl -k (curl ni zana ya kuwasiliana na seva). Kwa Node ni NODE_TLS_REJECT_UNAUTHORIZED=0. Kwa Java mtu anaandika TrustManager isiyokagua chochote. Sura ni nyingi, maana ni ile ile: pokea cheti chochote, yaani hati ya kidijitali ya utambulisho wa seva, kutoka kwa yeyote.

Wengi wanaamini kwamba maadamu anwani inaanza na https, data imefichwa na mambo yamekwisha. Data imefichwa, ni kweli. Cha kuuliza ni imefichwa kwa ufunguo uliokubaliana na nani. TLS, yaani itifaki ya usalama iliyo nyuma ya https, ina kazi mbili. Inasimba mazungumzo ili wa njiani asiyasome, na inathibitisha kwamba aliye upande wa pili ndiye kweli mwenye jina ulilomwita. Ukizima hiyo ya pili, ni kama umefunga gunia la dagaa kwa kufuli la chuma, halafu ukalikabidhi pamoja na ufunguo wake kwa mtu wa kwanza aliyesema "mimi ndiye tajiri wako".

Inatokeaje? Karani anatumia Wi-Fi ya gesti. Ruta ya pale bado ina nywila ya kiwandani, kuna mtu ameingia akabadilisha DNS, ile huduma inayogeuza jina la seva kuwa anwani yake. Programu yako inauliza seva ya malipo iko wapi, inapewa anwani ya kompyuta ya mwizi. Mwizi anatoa cheti alichojitengenezea mwenyewe kwa openssl, zana ya bure ya usimbaji na vyeti, kazi ya dakika moja. Kivinjari kingegoma hapo hapo. Programu yako haigomi kwa sababu umeiambia isigome. Mazungumzo yanasimbwa kwa AES, algoriti ya kawaida ya kusimba, safi kabisa, ila ufunguo anao mwizi. Anasimbua, anasoma, akitaka anabadilisha, kisha anafungua TLS ya pili kwenda kwenye seva halisi. Wewe huoni kasoro, na seva haioni kasoro.

Tatizo hili si la Mwanza peke yake. Mwaka 2012 watafiti wa vyuo vikuu vya Stanford na Texas kule Marekani walionyesha kwamba programu nyingi zisizo vivinjari, zikiwemo laibrari za malipo za kampuni kubwa, zilikuwa zinakagua cheti vibaya au hazikagui kabisa. Chanzo kimojawapo kinatuhusu sana watu wa PHP. CURLOPT_SSL_VERIFYHOST inataka thamani 2. Watu walikuwa wanaandika true, PHP inaigeuza kuwa 1, na 1 wakati huo ilimaanisha "angalia kama cheti kina jina lolote", si "angalia kama jina ni lile nililoliita". Mtu ameandika true kwa nia njema kabisa, na mlango uko wazi. Baadaye curl walirekebisha tabia hiyo.

Februari 2014 ikaja zamu ya Apple. Kwenye kodi yao ya TLS mstari mmoja, goto fail, ulikuwa umejirudia mara mbili. Matokeo yake hatua ya kukagua sahihi ya seva ilirukwa, na iPhone na Mac zikawa zinakubali ufunguo ambao hakuna aliyeuthibitisha. Usimbaji ulikuwa mzima. Uhakiki ndio uliokufa.

Nijuavyo mimi, hakuna anayezima uhakiki kwa kupenda. Anazima kwa sababu kuna kosa limemkaba na mteja anapiga simu. Kwa hiyo tuyatazame makosa yenyewe.

La kwanza, na ndilo kubwa kuliko yote, ni cheti cha kati. Mamlaka ya vyeti, yaani taasisi inayoaminiwa kutoa vyeti, haisaini cheti chako moja kwa moja kwa ufunguo wa mzizi, yaani cheti chake kikuu ambacho vifaa tayari vinakiamini. Mzizi unasaini cheti cha kati, na hicho cha kati ndicho kinasaini chako. Seva inatakiwa itume vyote viwili, chako na cha kati. Fundi akiweka chake tu, Chrome inaweza kwenda kukitafuta cha kati yenyewe, kwa hiyo ukifungua tovuti unaona kila kitu kiko sawa. curl haiendi kutafuta. Inakupa kosa namba 60, "unable to get local issuer certificate", na wewe unadhani curl ndiyo yenye tatizo. Kagua hivi:

openssl s_client -connect seva.mfano.co.tz:443 -servername seva.mfano.co.tz

Soma sehemu ya mnyororo wa vyeti juu kabisa. Ukiona cheti kimoja tu, umempata mchawi. Kwa nginx (programu ya seva ya wavuti), ssl_certificate ielekeze kwenye fullchain.pem badala ya cert.pem, reload, basi. Kama seva si yako, mwandikie mwenye nayo umtumie matokeo hayo. Wakati unamsubiri, mpe curl yako hicho cheti cha kati kwenye faili la CA. Usizime.

Wanaotumia XAMPP kwenye Windows wanapata kosa hilo hilo kwa sababu nyingine: PHP haijui orodha ya mizizi iko wapi. Pakua cacert.pem kutoka tovuti ya curl, weka njia yake kwenye curl.cainfo ndani ya php.ini, washa upya Apache.

La pili ni saa, na hili linatupata sana sisi wa visiwani na mialoni. Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bodi moja) ya toleo la 4 kurudi nyuma haina saa inayoendelea kutembea umeme ukikatika. Umeme ukirudi inaamka na tarehe ya zamani. Cheti kimetolewa mwezi wa tano, kifaa kinaamini bado ni mwezi wa tatu, basi kwake cheti hicho hakijaanza kutumika. Fundi anavuka ziwa mpaka kisiwani, anakuta kosa la cheti, anazima uhakiki, anarudi mjini. Kumbe dawa ni moduli ya saa kama DS3231 yenye betri yake ndogo, pamoja na kuhakikisha programu haianzi kupiga seva kabla NTP, huduma ya saa ya mtandaoni, haijasawazisha saa. Kwenye systemd, kisimamizi cha huduma cha Linux, kuna time-sync.target kwa kazi hiyo.

La tatu ni mizizi iliyochakaa. Septemba 30, 2021 mzizi uitwao DST Root CA X3 uliisha muda wake. Vyeti vya Let's Encrypt, mamlaka inayotoa vyeti bure, vilikuwa vimeuegemea kwa ajili ya vifaa vya zamani. Seva zenye OpenSSL 1.0.2 ziligoma hata zile zilizokuwa tayari na mzizi mpya, ISRG Root X1. Dawa ilikuwa kusasisha OpenSSL au kuuondoa mzizi ule uliokufa. Mtu ambaye siku ile aliandika verify=False na hajarudi tena kuifuta, mlango wake uko wazi mpaka leo.

Nawasilisha. Wenye maswali karibuni.

#2 Mdau, Nyakato

Mkuu uzi umesimama. Ila tuambiane ukweli, mimi mfumo wangu unahifadhi kilo za dagaa na majina ya wachuuzi. Nani atahangaika kuniibia kilo za dagaa? Si tunajipa mzigo wa kibenki kwa kazi ya mwaloni?

#3 Mleta uzi, Kirumba

Mkuu swali zuri, na nadhani wengi wanalo.

Umefikiria kusomwa. Fikiria kubadilishwa. Mchuuzi kaleta gunia, karani kaandika kilo 42, njiani zikawa 24. Au bei ya kilo ikashuka. Au namba ya simu ya kulipwa ikawa nyingine. Mfumo utalipa, risiti itatoka, na ugomvi utaanza kati ya watu wawili ambao wote wanasema kweli. Kilo za dagaa zikigusa malipo, ni pesa.

Na hapo nigusie kitu kinachonisumbua kuliko hata cheti: taarifa ya malipo inayorudi. Ukiunganisha malipo ya simu, kampuni ya malipo inaipiga URL yako kukuambia muamala fulani umelipwa. Nimeona mifumo ambayo URL hiyo inapokea ujumbe wa yeyote. Mtu akiijua anwani, anatuma JSON (ujumbe wa data uliopangwa kwa maandishi) yenye status "SUCCESS" na namba ya ankara, ada ya mtoto inasomeka imelipwa. TLS haikusaidii hapo hata kidogo, maana aliyekupigia ni mteja na wewe ndiye seva. Cheti kinamthibitisha seva tu.

Dawa yake ni HMAC, yaani muhuri wa ujumbe unaokokotolewa kwa siri. Wewe na kampuni mna siri moja. Wanapotuma ujumbe wanaambatanisha HMAC-SHA256 ya ujumbe ule kwa siri hiyo, nawe unaikokotoa upya na kulinganisha. Kuna sehemu watu wanateleza hapa.

Kokotoa juu ya baiti ghafi zilizofika, yaani file_get_contents('php://input') kabla ya json_decode. Ukifungua JSON ukaifunga tena, nafasi na mpangilio vinabadilika, HMAC haifanani, na matokeo yake fundi anaamua "hii sahihi haifanyi kazi, niiondoe".

Linganisha kwa hash_equals, usitumie ==. Ulinganishaji wa kawaida unaacha mara tu herufi moja inapotofautiana, na tofauti ndogo ya muda inaweza kumwambia mtu amepatia herufi ngapi.

Usijitungie HMAC yako kwa hash('sha256', $siri . $ujumbe). SHA-256 ni heshi, yaani hesabu inayogeuza ujumbe kuwa alama fupi isiyorudi nyuma, na imejengwa kwa namna ambayo mtu mwenye heshi ya ujumbe wako na urefu wa siri yako anaweza kuongeza maneno mwishoni na kutoa heshi sahihi ya ujumbe mpya, bila kuijua siri. Flickr walipatikana na udhaifu wa namna hiyo mwaka 2009, wao wakiwa na MD5, heshi ya zamani. HMAC ipo kwenye RFC 2104 tangu 1997, na PHP ina hash_hmac, mstari mmoja tu.

Halafu kumbuka ujumbe halali unaweza kutumwa mara mbili. Mtu akiunasa ujumbe wa kweli wa shilingi 10,000 akaurusha tena kesho, HMAC yake bado ni sahihi. Weka namba ya muamala kwenye jedwali lenye UNIQUE, sharti linalokataa namba kujirudia, na kabla ya kutoa huduma iulize kampuni hali ya muamala kupitia API yao, mlango ambao mifumo inaulizana, safari hiyo uhakiki wa cheti ukiwa umewashwa.

#4 Mdau, Nyakato

Hapo kwenye URL ya malipo umenishika pabaya mkuu. Mfumo wa ada niliorithi kwa fundi aliyekuwepo uko hivyo hivyo. Naanza nao leo. Endelea kushusha nondo.

#5 Mdau, Nansio

Wakuu habari za mjini. Huku kwetu Ukerewe mtandao unakuja na kuondoka. Mitumbwi ya dagaa inarudi alfajiri, karani anapima, simu haina mtandao, kwa hiyo data inalala kwenye simu mpaka saa nne au hata jioni. Simu ikiibiwa au ikianguka mikononi mwa mtu, kila kitu kinasomeka. Nasimba kwa AES, ufunguo nimeuweka ndani ya programu. Inatosha?

#6 Mleta uzi, Kirumba

Salama mkuu, pole na mtandao.

Ufunguo ndani ya programu hautoshi. Faili la APK, lile la kusakinisha programu ya Android, linafunguka kwa zana za bure kama jadx, na mtu anayesoma Java kidogo ataukuta ufunguo wako kabla chai haijapoa. Zaidi ya hapo, ufunguo ni mmoja kwa simu zote, akiupata kwenye simu moja amezipata zote. Tumia Android Keystore: kila simu inajitengenezea ufunguo wake, na kwenye simu nyingi ufunguo huo unakaa sehemu ya vifaa ambayo hata programu yako haiwezi kuutoa nje. Inaomba tu "nisimbie hiki, nisimbulie kile".

Pili, nikuulize: AES ya namna gani? AES yenyewe inasimba kipande cha baiti 16. Namna unavyoviunga vipande ndiyo inayoamua usalama. Ukiandika Cipher.getInstance("AES") bila maelezo zaidi, kwenye mazingira mengi ya Java unapata ECB, ambamo vipande viwili vinavyofanana vinatoa matokeo yanayofanana. Adobe walipovujiwa mwaka 2013 nywila zao zilikuwa zimesimbwa kwa 3DES, algoriti ya zamani, kwa namna hiyo ya ECB. Hakuna aliyehitaji ufunguo kuona kwamba watu wengi walikuwa na nywila moja, na vidokezo walivyojiandikia watu hao vikamalizia kazi.

Ukikimbilia CBC, namna nyingine ya kuunga vipande, unapata ugonjwa mwingine, na unarudi kwenye hoja yangu ya juu: CBC inasimba bila kuhakiki. Mwaka 2002 Serge Vaudenay alionyesha kwamba seva inayojibu tofauti kidogo pale padi ya ujumbe (baiti za kujazia kipande cha mwisho) inapokuwa mbovu inatosha kumwezesha mtu kusimbua ujumbe mzima. Hana ufunguo, ana subira tu ya kuituma seva ujumbe uliochezewa mara nyingi na kusikiliza majibu yake.

Kwa hiyo chagua usimbaji wenye uhakiki ndani yake: AES-GCM au ChaCha20-Poly1305. Ukibadilisha biti moja ya ujumbe, kusimbua kunakataa kabisa. Simu za bei ya chini ambazo prosesa yake haina maelekezo ya AES hufanya ChaCha20 haraka zaidi, na ndiyo sababu Google waliiingiza kwenye Chrome ya simu mwaka 2014. Njia zote mbili pia zinakuruhusu kuambatanisha taarifa zisizosimbwa lakini zinazohakikiwa. Wewe weka hapo namba ya karani, mwalo na tarehe. Mtu akichukua rekodi ya Nansio akaibandika kwenye Ukara, inakataa.

Sasa tahadhari kubwa ya GCM. Kila ujumbe unahitaji namba ya mara moja, biti 96. Ikijirudia kwa ufunguo ule ule, umeangamia. Anayezipata jumbe hizo mbili anapata tofauti kati ya maandishi yake, na vilevile anaweza kuukokotoa ufunguo wa uhakiki akawa anaghushi jumbe. Usitumie kaunta iliyohifadhiwa kwenye simu, kwa sababu simu ikirejeshwa kutoka nakala rudufu kaunta inarudi nyuma. Iache Keystore itoe yenyewe. Kwa kawaida inakataa namba unayojiletea, na inafanya hivyo makusudi. Upande wa seva, laibrari ya usimbaji ya libsodium ina XChaCha20-Poly1305 yenye namba ya mara moja ya baiti 24, ndefu kiasi kwamba unaweza kuitoa kwa bahati nasibu bila wasiwasi. PHP inayo ndani tangu toleo 7.2.

#7 Mdau, Sengerema

Mimi nilitaka kuficha namba za simu za wateja, nikafanya SHA-256 ya kila namba nikahifadhi heshi tu. Nadhani hapo niko salama, heshi hairudi nyuma.

#8 Mleta uzi, Kirumba

Heshi hairudi nyuma, lakini namba za simu ni chache, mkuu. Namba za simu za mkononi za Tanzania zinaanza na 06 au 07 halafu tarakimu nane. Hata ukihesabu zote, zilizogawiwa na zisizogawiwa, ni milioni 200. Kompyuta ya kawaida inapiga mamilioni ya SHA-256 kwa sekunde. Mtu anazipitia namba zote za nchi ndani ya dakika chache na kuzisoma za wateja wako wote moja moja. Chumvi, yaani data ya nasibu unayoichanganya kabla ya kupiga heshi, ikiwa imekaa kwenye hifadhidata hiyo hiyo inamchelewesha kidogo tu.

Unachotaka ni HMAC tena: heshi ya namba kwa siri inayokaa nje ya hifadhidata, kwenye mazingira ya seva au sehemu maalumu ya siri. Hifadhidata ikivuja peke yake, hawezi kujaribu namba bila siri hiyo. Na kumbuka namba ya simu ni taarifa binafsi kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Kuificha kwa heshi inayofunguka hakukuondolei wajibu.

Nywila ni habari nyingine. Zinataka heshi ya polepole makusudi: password_hash ya PHP, ambayo kwa kawaida ni bcrypt, au Argon2id iliyoingia kwenye PHP 7.3. Chumvi inajiwekea yenyewe. PIN ya tarakimu nne haiokolewi na heshi yoyote, ziko 10,000 tu. Ilinde kwa kufunga akaunti baada ya kukosea mara chache.

#9 Mdau, Malimbe

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho. Nimebuni algoriti yangu ya kusimba, inachanganya herufi kwa hatua saba na hakuna anayeijua zaidi yangu. Nataka niiweke kwenye mfumo wa zahanati kama mradi wangu. Naomba maoni.

#10 Mleta uzi, Kirumba

Marahaba mdogo wangu. Hongera kwa kujenga, endelea kuijenga kama somo, ila kwenye zahanati usiiweke. Pale kuna majibu ya vipimo vya watu.

Unasema hakuna anayeijua. Auguste Kerckhoffs aliandika mwaka 1883 kwamba mfumo ubaki salama hata ukianguka mikononi mwa adui, siri iwe ufunguo peke yake. Siku programu yako inapowekwa kwenye simu ya mtu, hatua zako saba ziko mikononi mwake.

Tazama AES ilivyopatikana. Marekani walitangaza shindano mwaka 1997, wakapokea algoriti 15, wataalamu wa dunia nzima wakazishambulia hadharani kwa miaka, na mwaka 2001 ile ya Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, ikawa kiwango rasmi. Nguvu yake inatokana na watu walioishambulia wakashindwa. Yako bado haijashambuliwa na yeyote.

Kama unataka mradi utakaowavutia walimu, chukua bahati nasibu, yaani namna kompyuta inavyotoa namba zisizotabirika. Ni eneo tajiri na halina watu. Kati ya 2006 na 2008 OpenSSL ya Debian, toleo mojawapo la Linux, ilibaki na chanzo kimoja tu cha bahati nasibu, namba ya mchakato, yaani chaguo 32,768. Funguo za SSH (njia ya kuingia kwenye seva kwa mbali) za dunia nzima zikawa zinaweza kuorodheshwa kwenye faili. Mwisho wa 2010 ikaonekana Sony wanasaini programu za PlayStation 3 kwa ECDSA, njia ya sahihi za kidijitali, huku namba inayotakiwa kuwa mpya kila mara ikiwa ile ile siku zote, na ufunguo wao wa siri ukapatikana kwa hesabu za kawaida kabisa. Chunguza mifumo ya wazi uone wangapi wanatoa tokeni za kubadilisha nywila kwa mt_rand, ambayo namba zake zinatabirika, wakati random_bytes ipo.

#11 Mdau, Igoma

Naongeza kidogo kwa mafundi wa seva, maana hoja ya mleta uzi inatuhusu hata sisi.

SSH inapokuuliza mara ya kwanza kama unaiamini alama ya seva (ufupisho wa ufunguo wake wa umma), wengi tunaandika yes bila kusoma. Hapo ndipo uhakiki wote ulipo, hakuna mamlaka ya vyeti itakayokusaidia. Ichukue alama kwenye konsoli ya seva uilinganishe. Na ikija ile onyo kubwa kwamba alama imebadilika, usifute known_hosts, faili la alama ulizokwisha kuziamini, haraka haraka. Machi 24, 2023 GitHub, tovuti ya kuhifadhi kodi, walibadilisha ufunguo wao wa aina ya RSA baada ya ule wa siri kuonekana kwa muda mfupi kwenye hazina ya wazi, na dunia nzima ikapata onyo hilo. Siku ile sababu ilikuwa halali, na alama mpya waliichapisha kwenye tovuti yao. Siku nyingine isingekuwa halali.

Kwa kuunganisha matawi, mimi natumia WireGuard, njia ya VPN, iko ndani ya Linux tangu toleo 5.6 la Machi 2020. Kila upande unamtambua mwenzake kwa ufunguo wa umma, na asiyetambulika hajibiwi kitu. Nimeipendea pia kwamba simu ikihama kutoka Wi-Fi kwenda mtandao wa simu, au anwani ikibadilika katikati ya safari ya boti, mazungumzo hayakatiki.

Jambo jingine: Let's Encrypt waliacha kutuma barua pepe za kukumbusha cheti kinapokaribia kuisha tangu Juni 2025. Na mamlaka na watengeneza vivinjari wamekubaliana kwamba kuanzia Machi 15, 2029 cheti kisizidi siku 47. Kama unahuisha kwa mkono, weka certbot, programu ya kuhuisha cheti, kwenye timer sasa.

#12 Mdau, Nansio

Asanteni sana. Mkuu, nasikia kompyuta za kwanta zitavunja haya yote. Na huku mtandao wetu ni mwembamba, hizo TLS mpya si zitatulemea?

#13 Mleta uzi, Kirumba

TLS 1.3, iliyotoka Agosti 2018, inakupunguzia mzigo. Mazungumzo ya mwanzo yanahitaji kwenda na kurudi mara moja badala ya mara mbili, na kwa mtandao wa visiwani hiyo unaihisi. Ina pia njia ya kutuma data papo hapo bila kusubiri, iitwayo 0-RTT. Usiitumie kwa malipo, kwa sababu data hiyo inaweza kunaswa na kurushwa tena.

Kwanta: kompyuta kubwa ya namna hiyo ikipatikana itavunja RSA na mikunjo ya duaradufu (elliptic curves), hesabu za kukubaliana ufunguo na kusaini, lakini AES-256 itabaki imara. Viwango vipya vilitoka Agosti 13, 2024, kikiwemo ML-KEM cha kukubaliana ufunguo, na vivinjari tayari vinakichanganya na X25519, njia ya mikunjo iliyozoeleka. Ufunguo wake wa umma ni baiti 1184, wakati wa X25519 ni 32, hivyo ujumbe wa kwanza hautoshi tena kwenye pakiti moja. Ni pakiti moja ya ziada kila muunganisho unapofunguliwa. Acha muunganisho wazi, tuma rekodi za asubuhi nzima kwa pamoja. Wewe sasisha OpenSSL ifike 3.5, mengine itayapanga yenyewe.

#14 Mdau, Nyakato

Wakuu nimerudi. Nimeondoa zile false zote. Lakini nitajuaje kwa hakika kwamba programu yangu inakataa cheti kibovu? Ikifanya kazi na seva halisi haithibitishi kitu.

#15 Mleta uzi, Kirumba

Hapo umeuliza swali la fundi. Kipimo cha uhakiki ni kukataa.

Kuna tovuti ya badssl.com iliyowekwa kwa kazi hiyo. Elekeza kodi yako kwenye expired.badssl.com, self-signed.badssl.com, wrong.host.badssl.com na untrusted-root.badssl.com. Zote zinatakiwa zirushe kosa. Ile ya wrong.host ndiyo inayowakamata waliowasha VERIFYPEER wakasahau VERIFYHOST. Ziandike ziwe majaribio ndani ya mradi: jaribio linafaulu pale tu muunganisho unaposhindwa. Fundi mwingine akija kuzima uhakiki usiku wa manane, majaribio yatamkatalia kabla kodi haijafika kwenye seva.

Kwa programu ya Android, washa mitmproxy, programu inayokaa njiani na kusoma mawasiliano, kwenye kompyuta yako, elekeza Wi-Fi ya simu ipite humo, fungua programu bila kusakinisha cheti cha mitmproxy. Ukiona maombi yako yanasomeka kwenye skrini ya kompyuta, uhakiki umezimwa mahali. Tafuta TrustManager na HostnameVerifier kwenye kodi, ukague pia na laibrari ulizopakua, maana mara nyingine ndizo zenye nayo. Halafu angalia AndroidManifest kama kuna usesCleartextTraffic="true". Tangu Android 9 mawasiliano ya http tupu yamezuiwa kwa kawaida, na mstari huo ndio unaoyafungulia. Uondoe, jenga upya, rudia jaribio ukiwa na simu ya zamani kabisa ambayo makarani wako wanaitumia.